Tuusomeje mchoro wa Boucher wa majira ya baridi?

Muulizaji: Ndugu wanajukwaa, naomba msaada kuhusu mchoro wa François Boucher, mchoraji Mfaransa, wa mwaka 1755, uliomo katika mkusanyiko wa Frick, jumba la sanaa la New York. Bibi kijana ameketi katika kigari cha fahari cha kutelezea juu ya theluji, gauni lake limetiwa manyoya ukingoni, lakini kifua chake ki wazi, na nyuma yake mwanamume mwenye mavazi ya Kitatari (ya watu wa nyika za Asia) anakisukuma kigari. Je, mchoraji aliwakejeli makabaila?

Mchangiaji wa kwanza: Mimi sioni kejeli. Boucher alichora majira yote manne kwa ajili ya Madame de Pompadour, kipenzi cha Mfalme Louis wa 15, na katika kila mchoro aliweka starehe na mapenzi mahali pa kazi za msimu. Wachoraji wa kabla yake walizoea kuonyesha baridi kwa sura ya mzee anayeota moto. Yeye alimwondoa mzee huyo, akamweka mrembo anayetutazama. Kifua kimeachwa wazi makusudi, ili weupe wa ngozi ushindane na weupe wa theluji, na hapo ndipo ufundi wake unaponivutia zaidi.

Mchangiaji wa pili: Kuhusu mteja nakubaliana nawe kabisa, ila tusimpite haraka huyo msukumaji. Jasho la safari yote ni lake, lakini kwa kuwa amevikwa mavazi ya kigeni, yaliyopendwa sana na matajiri wa wakati ule, anaonekana kama mwigizaji, nasi hatufikirii kuuliza kama amechoka. Majira ya baridi ya mwaka 1709 yaliua watu wengi mno nchini Ufaransa, na wazee wa mwaka 1755 walikuwa bado wanayakumbuka. Hapa baridi hiyohiyo imekuwa pambo la chumba.

Mchangiaji wa tatu: Hoja hiyo ni nzito, ingawa tusiuhukumu mwaka 1755 kwa macho ya 1789, mwaka wa Mapinduzi ya Ufaransa. Hata hivyo, lawama hazikusubiri mapinduzi: mwanafalsafa Mfaransa Diderot, akiandika juu ya maonyesho ya sanaa ya Paris ya mwaka 1761, alisema Boucher ana kila kitu isipokuwa ukweli. Ndugu muulizaji, uweke mchoro huu kando ya ule wa kiangazi wa mfululizo huohuo, wenye wanawake wanaooga, nawe utaona kwamba ngozi zao zina joto lilelile.