Mjadala: Anayemtumaini Mungu ahangaikie riziki?

Mleta mada:
Wakuu, Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Israeli iliamua kwa kauli moja ya majaji 9 kwamba hakuna tena msingi wa kisheria wa kuwasamehe kwa jumla utumishi wa jeshi wanafunzi wa yeshiva, vyuo vya dini vya Kiyahudi. Swali la kale likafufuka: anayesoma Torati siku nzima ale nini? Wapo wanaojibu kuwa mlishaji ni Mungu, mwenye imani hahangaiki.

Hoja hiyo inapotosha maneno ya Bahya ibn Paquda, mwanazuoni wa Kiyahudi wa Hispania ya karne ya 11, aliyeandika kwa Kiarabu juu ya wajibu wa moyo. Anasema hata mwenye siri ya kugeuza madini kuwa dhahabu hana raha: anahofia wezi, na moshi wa kazi yake unamdhuru. Aliyetawakali ametulia kuliko yeye. Lakini Bahya huyohuyo anataka kila mtu ashike kazi inayolingana na maumbile yake. Uhuru wa aliyetawakali ni huu: fundi hajipendekezi kwa mteja wala hamwogopi tajiri, maana riziki yake haiko mikononi mwao. Mikono inachapa kazi, moyo umetua. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, na Rabi Shimon bar Yochai je? Katika Talmudi, mkusanyo wa kale wa mijadala ya marabi, anauliza: mtu akilima msimu wa kulima, akapanda msimu wa kupanda, akavuna msimu wa kuvuna, Torati ataisoma lini? Na mana, chakula ambacho Mungu aliwashushia Waisraeli jangwani, ilikatazwa kuwekwa akiba.

Mleta mada:
Swali lake ni zito, mkuu. Ila Abaye, mwanazuoni mwingine wa Talmudi, anajibu papo hapo: wengi walifuata njia ya Rabi Ishmaeli, kusoma na kulima, wakafanikiwa, wengi walifuata ya Rabi Shimon, hawakufanikiwa. Mana nayo, watu walitoka kuiokota kila asubuhi.

Mchangiaji wa pili:
Ndugu zangu, mmekazania chakula. Mama mwenye mtoto mahututi atawakali vipi? Chazon Ish, rabi aliyefariki Bnei Brak mwaka 1953, aliandika kuwa tumaini si kuwa na hakika kwamba mambo yataisha vizuri, kwani hakuna aliyefunuliwa hayo. Ni kuamini kuwa hakuna linalotokea kwa bahati tu. Mimi naliona hilo ni la kweli kuliko kumwahidi mtoto atapona. Lakini linamtua mama huyo mzigo, au linamwachia wote?