Kamati ya Harusi: taulo la mhazini

Zuhura (mhazini): Jamani mimi natupa taulo. Ahadi zimejaa daftarini, pesa haiingii. Tafuteni mhazini mwingine.

Mjomba Kassim: Hutupi wewe taulo, mwanangu.

Zuhura: Shikamoo mjomba. Kwa nini nisitupe? Nimechoka!

Mjomba Kassim: Marahaba. Bondia hatupi taulo. Wanaotupa ni watu wa kona yake, yaani wasaidizi wake pembeni ya ulingo, wakiona kijana wao anachakazwa na mwenyewe bado anang'ang'ania. Wewe ndiye uliyeko ulingoni.

Bakari: 😂😂😂

Shangazi Mwanaidi: Na hilo taulo lilifikaje kwenye ngumi?

Mjomba Kassim: Lilianza sponji. Uingereza, karne ya 19, ngumi kavu bila glavu. Kona walikuwa na sponji ya kumfuta bondia uso. Wakiirusha juu, basi, mtu wao hapigani tena. Ikawa hata mtu wa kawaida akikubali yaishe, Waingereza wanasema karusha sponji. Taulo likashika nafasi hiyo karne ya 20 ilipoanza.

Mama Fatu: Samahani, ukumbi umeshalipiwa?

Zuhura: Kwa pesa ipi mama 😩

Bakari: Mabondia Wilder na Fury, Las Vegas 2020! Raundi ya 7, Mark Breland wa kona ya Wilder akarusha. Wilder alinuna mpaka wakaachana.

Mjomba Kassim: Alikosea kununa, yule Breland alimwokoa. Sasa sikia ya 1938, Yankee Stadium, New York. Bondia Joe Louis anamtwanga mwenzake Schmeling raundi ya kwanza tu. Kona ya Schmeling wakarusha taulo, refa akalitupa pembeni, likaning'inia kwenye kamba! Sheria za kule hazikulitambua. Refa akalimaliza pambano yeye mwenyewe. Dakika 2 na sekunde 4, watu hata hawajakaa vizuri.

Zuhura: Kumbe hata likirushwa, refa anaweza kulikataa?

Shangazi Mwanaidi: Refa ni mimi. Nimelikataa.

Mjomba Kassim: Na kona ni mimi, sijaona damu bado. Endelea na daftari. Bakari, laki yako iko wapi?

Bakari: Mjomba mtandao unasumbua huku

Zuhura: Mjomba na wewe elfu hamsini bado 🙈

Mjomba Kassim: Nitumie namba tena.