Santuri za dansi au kanda za kaseti: nisaidieni kuamua kabla ya Jumamosi

Mpenzi_wa_Dansi (Moshi)

Ndugu wanachama, naomba ushauri wenu. Mzee mmoja wa Rau, mstaafu wa serikali anayehamia kwa mwanawe Dodoma, anauza muziki wake wote wa dansi katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni santuri, na la pili ni masanduku mawili ya kanda za kaseti. Amekataa katakata kuuza moja moja, kwa sababu anaamini kwamba wanunuzi watachukua bendi kubwa na kumwachia zile ambazo hazikumbukwi. Ninamwelewa. Bei za mafungu hayo zinakaribiana, lakini uwezo wangu unatosha fungu moja tu, na yuko mnunuzi kutoka Arusha atakayefika Jumamosi.

Nyumbani nina mabango ya madansi, kalenda zenye picha za bendi na magazeti ya zamani yenye habari za wanamuziki. Kwa muda mrefu nimekuwa na picha bila sauti. Mngekuwa ninyi, mngechukua lipi?

Sauti_ya_Sakina (Arusha)

Ndugu yangu, swali lako halijibiki jinsi lilivyo. Hujasema santuri ni ngapi, ni za ukubwa gani, zina majalada au ziko wazi, na kama zilihifadhiwa zikiwa zimesimama au zimelazwa na kurundikwa. Hujasema bei. Hujasema kama kanda ni za kiwandani, zenye karatasi yake iliyochapwa, au ni zile zilizorekodiwa madukani na kuandikwa majina kwa kalamu. Kubwa kuliko yote, hujasema utazichezea nini. Ukinunua santuri bila mashine, utaendelea kuwa na picha bila sauti.

Mzee_wa_Kaloleni (Arusha)

Chukua santuri, kijana wangu. Miaka ile nchi yetu ilitegemea Nairobi kwa uchapaji wa santuri, kwa hiyo bendi iliyopata santuri ilikuwa imesafiri, imechaguliwa na kampuni, na imerekodiwa na watu waliojua kazi. Hata Mbaraka Mwinshehe mauti yalimkuta Kenya, katika ajali ya gari karibu na Mombasa, Januari 1979. Tena mpaka wetu na Kenya ulifungwa kuanzia 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, hadi 1983. Sisi tulioishi Arusha, tuliozoea kuona bidhaa za Nairobi zikiingia kwa njia ya Namanga, tunajua santuri ziliadimika namna gani katika miaka hiyo. Santuri iliyosalia hadi leo katika nyumba ya mtu mmoja, ikiwa na lebo yake yenye jina la bendi, jina la mtunzi na namba ya toleo, ni hati kamili. Kanda iliyoandikwa kwa kalamu inaweza kubeba jina la bendi ambayo haikupiga hata wimbo mmoja uliomo ndani.

Nyimbo_za_Redio (Moshi)

Shikamoo Mzee. Ninaheshimu maneno yako, lakini hoja hiyo inaacha nje nusu ya muziki wetu. Bendi zetu ziliitwa kurekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, nyimbo zikahifadhiwa kwenye mikanda mikubwa ya studio, na nyingi kati yake hazikupata santuri kamwe. Zilisikika redioni tu. Mlimani Park ilipoanzishwa mwaka 1978, ni redio iliyoipeleka hadi vijijini, kwa sababu mtu wa Marangu au Machame hakuhitaji mashine ya santuri wala nauli ya kwenda dansini Dar es Salaam. Waliokuwa na redio kaseti walikaa wakingoja kipindi, wakabonyeza kitufe cha kurekodi, na sauti hizo zimebaki kwenye kanda zao.

Kwa hiyo mimi ningechukua kanda, na hasa zile zilizoandikwa kwa kalamu ambazo wengi wanazidharau. Kabla ya vituo vya binafsi kuanza katika miaka ya 1990, redio tuliyoisikiliza sote ilikuwa moja. Kanda yenye wimbo, sauti ya mtangazaji, na pengine salamu za wasikilizaji kati ya wimbo na wimbo, inatunza namna watu walivyousikia muziki huo, na hakuna santuri inayoweza kukupa hilo.

Fundi_Majengo (Moshi)

Nimekuwa nikifungua redio na deki kwa maisha yangu yote ya kazi, na ningependa tuzungumzie hali ya vitu hivi kabla ya historia yake. Kanda husafiri mbele ya hedi, yaani kile kichwa cha deki kinachosoma sauti, kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, na hedi ikiwa chafu au imelala upande kidogo, sauti nyororo za juu hupotea, mtu akadhani kanda imekufa. Kwa hiyo usiihukumu kanda kwa deki moja. Fungua kila kava uangalie mambo matatu. La kwanza ni kipande kidogo cha sponji kinachobana kanda kwenye hedi, kwani mara nyingi gundi yake hukauka kikadondoka, na hilo linarekebishika. La pili ni ukungu mweupe kwenye mzingo wa kanda, ambao masika ya Moshi huuleta kwa wepesi, na kanda ya namna hiyo usiitie kwenye deki nzuri kabla ya kusafishwa, kwa kuwa uchafu wake huhamia kwenye kanda nyingine. La tatu ni urefu. Kanda ya dakika 60 ina utepe mnene na huvumilia, ya 90 ni nyembamba zaidi, na ya 120 ni nyembamba mno, hunyooka na kumezwa na deki.

Ukinunua kanda, kabla hujacheza hata moja, vunja vile vidole viwili vya plastiki vilivyo mgongoni, kama bado vipo, ili mtoto asije akabonyeza kitufe cha kurekodi na kufuta kilichomo.

Mpenzi_wa_Dansi (Moshi)

Asanteni sana. Nimerudi Rau jana jioni kuangalia upya. Santuri ni arobaini na kitu. Nyingi ni ndogo, za mizunguko 45 kwa dakika, zimo katika bahasha za karatasi na zimesimamishwa katika kreti ya soda. Chache ni nzito, nyeusi, na mzee amenionya kwamba zikianguka huvunjika kama sahani ya udongo. Lebo nilizosoma ni za Morogoro Jazz, NUTA Jazz na Simba Wanyika, na katika zile nzito kuna Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Bei ya fungu hilo ni laki tatu na nusu. Kanda ni zaidi ya mia moja kwa laki tatu, karibu zote zimeandikwa kwa mkono.

Deki ninayo, aliniachia kaka yangu. Mashine ya santuri sina, lakini mzee anayo moja aliyoipata kwa mmisionari Mmarekani aliyeondoka, na ataniongezea kwa laki moja na nusu pamoja na transfoma yake ya kushusha umeme. Hilo ndilo lililonivuta zaidi upande wa santuri.

Binti_wa_Njiro (Arusha)

Ndugu Mpenzi, tafadhali usitoe fedha ya mashine hiyo kabla hujasoma haya.

Mimi ninakusanya santuri za rumba na za dansi, na mashine yangu ya kwanza niliipata kwa mtu aliyekuwa akiuza vyombo vya familia moja ya Kimarekani iliyokuwa ikirudi kwao. Muuzaji alinihakikishia kwamba transfoma inatosha, kwa kuwa inashusha umeme wetu wa volti 230 hadi volti 120. Mashine iliwaka vizuri, sahani ikazunguka bila kelele, na sindano ilikuwa nzima. Tatizo nilianza kulisikia kwa masikio. Waimbaji niliowafahamu tangu utoto walikuwa na sauti nzito za kuvuta, magitaa yalikuwa kama yamepoteza hamu ya kupigwa, na wimbo wa dakika tatu ulikuwa ukichukua zaidi ya dakika tatu na nusu. Nilihangaika nalo kwa muda. Nilibadilisha mkanda wa mpira, nikanunua sindano mpya, nikaagiza spika nyingine, na kila fundi niliyemwendea alisema kwamba santuri zenyewe zimechoka. Kuna nakala nzuri mbili ambazo niliziuza kwa bei ya chini kwa sababu hiyo, na bado zinaniuma.

Aliyetambua ugonjwa alikuwa fundi mmoja mzee wa Ngaramtoni, ambaye aliigeuza mashine, akasoma kibandiko cha nyuma, na kuniuliza kama ninajua hezi ni kitu gani. Umeme wa Marekani hupiga mara 60 kwa sekunde na wetu hupiga mara 50. Transfoma hubadilisha volti, lakini mapigo hayo haiyagusi. Mota ya mashine yangu ilikuwa ya aina inayofuata mapigo ya umeme, kwa hiyo ilikuwa inakwenda kwa tano ya sita ya mwendo wake: santuri ya mizunguko 45 ilizunguka kama mara 37 na nusu, na ile ndefu ya 33 na theluthi ilizunguka chini ya 28. Muuzaji hakuwahi kulitaja hilo, na nilipomrudia alisema kwamba mashine inawaka, basi yeye amemaliza.

Fundi_Majengo (Moshi)

Dada wa Njiro amesema kweli tupu. Ninaongeza tu kwamba si kila mashine ya Marekani ina ugonjwa huo. Zipo zenye mota ya umeme mnyoofu, kama ule wa betri, au zinazodhibitiwa na kioo cha kwatzi, na hizo hazijali mapigo. Nyingine huandikwa kabisa nyuma kwamba zinakubali hezi 50 na 60, na baadhi yake zinahitaji tu kuhamisha mkanda au kubadilisha kipuli cha mota, yaani kigurudumu kinachovuta mkanda. Ikiwa kibandiko kinasema 60 peke yake na mota ni ya mapigo, utahitaji kipuli kikubwa zaidi, ambacho mchongaji mwenye mashine nzuri anaweza kukutengenezea akipewa vipimo sahihi.

Kuhusu zile santuri nzito, hizo ni za shelaki, malighafi ngumu iliyotumika kabla ya vinili, za mizunguko 78. Mfereji wake ni mpana karibu mara tatu kuliko wa santuri ndogo. Ukiweka sindano ya kawaida, itayumba chini ya mfereji na kukuletea mikwaruzo mitupu, na inaweza kuharibika.

Mzee_wa_Kaloleni (Arusha)

Nimefurahi kusikia kwamba Simba Wanyika wamo. Hao ni wetu wa Arusha, na mnunuzi wa hapa asingewaacha.

Nyimbo_za_Redio (Moshi)

Mzee wangu, Simba Wanyika ni bendi ya Nairobi. Ilianzishwa huko mwaka 1971 na ikaishi huko.

Mzee_wa_Kaloleni (Arusha)

Jina lilianzia Nairobi, lakini ndugu wa Kinyonga walitoka Tanga, ambako walipigia Jamhuri Jazz, wakaja hapa Arusha mwaka 1970 wakaunda Arusha Jazz, na kutoka hapa ndipo walipovuka Namanga. Mtu anayekusanya muziki wa kaskazini hawezi kuwaweka katika rafu ya Kenya peke yake.

Sauti_ya_Sakina (Arusha)

Nadhani nyote wawili mna haki, na mpangilio wa rafu ni wa mwenye rafu. Ninamwomba Ndugu Mpenzi azingatie kwamba Rau na Moshi mjini kuna joto kuliko huku kwetu. Santuri za vinili zikikaa karibu na dirisha la jua au chini ya bati lisilo na dari hupinda, na zikipinda hazinyooki kirahisi. Je, umezishika moja moja ukiziangalia kwa ubavu, usawa wa jicho?

Mpenzi_wa_Dansi (Moshi)

Nimeangalia kama kumi. Mbili zimepinda kidogo ukingoni. Nyingine ziko sawa, ingawa zina vumbi.

Maneno ya Nyimbo_za_Redio yamenitikisa, kwa sababu nilipokuwa huko mzee alinichezea kanda moja, na kabla ya wimbo kulisikika salamu za watu wa Kibosho na Uru. Sikutegemea. Kwa upande mwingine, sioni ni lini nitakutana tena na Cuban Marimba ya enzi za Salum Abdallah mwenyewe, aliyefariki mwaka 1965, ikiwa katika hali hiyo.

Nyimbo_za_Redio (Moshi)

Kanda hiyo usiiache. Hata ukichukua santuri, mwombe mzee akuruhusu uihamishe kwenye kompyuta kabla haijaondoka, na uandike tarehe, jina la kipindi kama linasikika, na majina yote yanayotajwa.

Binti_wa_Njiro (Arusha)

Ninaunga mkono. Lakini kwa mtazamo wangu, achukue santuri bila ile mashine, kisha atafute mashine ya hezi 50 taratibu. Santuri iliyosimama vizuri kivulini inaweza kungoja. Utepe wa kanda unazidi kuchakaa hata ukiwa sandukuni.

Fundi_Majengo (Moshi)

Dada, hiyo ndiyo sababu ya kuchukua kanda kwanza: kinachoharibika haraka ndicho kinachohitaji mwokozi haraka. Na deki anayo.

Mzee_wa_Kaloleni (Arusha)

Mimi ninabaki na santuri. Ikiwa tatizo ni fedha, ninaweza kuchukua zile za shelaki kwa bei tutakayokubaliana, kwa kuwa sindano ya 78 ninayo. Kwa njia hiyo utapunguza gharama, na mzee wa Rau atakuwa ameuza fungu zima kwa mtu mmoja, kama alivyotaka.

Nyimbo_za_Redio (Moshi)

Mzee wangu, kwa heshima zote, hilo ni kuligawa fungu kwa mlango wa nyuma. Muuzaji aulizwe kwanza.

Mpenzi_wa_Dansi (Moshi)

Nitamuuliza kesho asubuhi, na nitamwomba pia ruhusa ya kuhamisha ile kanda ya salamu. Fundi, kama una nafasi Ijumaa, ningependa tuende pamoja Rau. Gharama ya bodaboda ni yangu.

Fundi_Majengo (Moshi)

Ijumaa baada ya saa kumi nitakuwa huru. Nitakuja na bisibisi na spiriti ya kusafishia hedi.

Sauti_ya_Sakina (Arusha)

Ndugu Mpenzi, bado hujatuambia kibandiko cha nyuma ya ile mashine kinasema nini.