Wakuu, kamisheni za kampuni za kubeti bado zina maisha?

Msaka_Odi: Wakuu habari za humu. Nina tovuti ya kulinganisha kampuni za kubeti. Mtu akipitia linki yangu, akajisajili na kuweka hela, napata asilimia ya anachopoteza, mwezi hadi mwezi. Sasa kampuni moja imeleta mkataba mpya: nilipwe mara moja tu kwa kila mteja, kila ukurasa unaowataja waupitishe kwanza, na mdhibiti akiwapiga faini kwa tangazo langu, nilipe mimi. Nisaini au nihamie biashara nyingine?

Kaka_Mpole: Hilo la kupitisha kurasa usiwalaumu. Uingereza kampuni yenye leseni ndiyo inayobanwa kwa makosa ya mtu wake wa kamisheni, yaani anayeiletea wateja kama wewe. Mwaka 2017 yalipigwa marufuku matangazo yaliyovalishwa sura ya habari: jamaa ana madeni, mke anaumwa, kaingia kasino ya mtandaoni, shida zote kwisha! Waliyatunga watu wa kamisheni, lakini majina yaliyochafuka ni ya kampuni zenyewe: Ladbrokes, 888, Sky Bet na Casumo. Mwaka huohuo Sky Bet ikafunga kabisa mpango wake wa kamisheni kule. Ungekuwa wewe ungewaacha watu waandike wanavyotaka?

Mama_Hesabu: Mimi naangalia hela. Mgao, hiyo asilimia yako ya kila mwezi, ni mtamu hadi usome kifungu cha salio hasi. Mkeka wa mteja mmoja ukitiki kwa odi kubwa, akaunti yako inaingia hasi, na kama hasi inahama, mwezi unaofuata unafanya kazi ya kuifidia. Halafu asilimia yako huwa inahesabiwa baada ya kodi na bonasi kukatwa, kwa hiyo serikali ikipandisha kodi, mgao unasinyaa na mkataba haujaguswa hata nukta. New Jersey, Marekani, anayekula mgao anadaiwa leseni nzito kuliko anayelipwa kiasi maalumu. Kulipwa mara moja si kuonewa.

Mzee_wa_Leseni: Mnabishania malipo wakati kutangaza kwenyewe kunabanwa. Italia ilipitisha sheria ya kupiga marufuku matangazo ya kamari mwaka 2018. Ontario, kule Kanada, soko lilipofunguliwa Aprili 2022, bonasi hazikuruhusiwa kutangazwa hadharani. Zile kurasa za "bonasi nono" (ndizo zinazokulisha, au nakosea?) kule hazina kazi. Romania mtu wa kamisheni anatakiwa awe na leseni yake mwenyewe. Na hapo sijamgusa Google, ambaye tangu 2024 anazishusha kwenye matokeo ya utafutaji kurasa za kamisheni zilizopangishwa ndani ya tovuti za magazeti.

Msaka_Odi: Mama_Hesabu, nimefungua mkataba wa zamani, salio hasi linahama kweli. Sasa wateja niliokwisha kuwaleta wanakuwaje?

Mama_Hesabu: Hapo ndipo pa kukomalia. Wa zamani wabaki kwenye mgao bila hasi kuhama, wapya walipiwe mara moja. Na uliza "mteja" kwao ni nani: aliyejisajili tu, au aliyeweka hela na kuzichezea?

Kaka_Mpole: Faini ukubali pale tu ulipobadilisha maneno waliyokwisha kuyapitisha. Wakipitisha ovyo, hilo ni lao. Na kila idhini iwe kwa barua pepe, usikubali ya simu.

Msaka_Odi: Nawaandikia leo. Mengine tutazungumza, ila kifungu cha faini kikibaki kama kilivyo, sisaini.