Mashine ya presha ya kupampu: namba za mama zinaruka

Binti_Ujiji: Habari zenu. Mama ana presha, nimemnunulia mashine ya mkono, ile ya kupampu yenye saa ya mshale. Jana nimepata 170, dakika mbili baadaye 140! Nimeogopa sana. Nakosea wapi?

Nesi_Mstaafu: Pole mwanangu. Alikuwa ametulia?

Binti_Ujiji: Shikamoo mama. Hapana, alikuwa ndiyo kwanza anarudi mwaloni na beseni la dagaa.

Nesi_Mstaafu: Marahaba. Basi apumzike dakika 5 kwanza, ameegemea kiti, miguu chini, bila kuongea, mkono mezani usawa wa moyo. Mkanda ufunge kwenye ngozi, si juu ya nguo. Shika mapigo ya kifundo cha mkono, pampu mpaka yapotee, ongeza 30. Halafu weka kifaa cha kusikilizia kwenye mkunjo wa kiwiko, ufungue hewa taratibu, mshale ushuke 2 au 3 kwa sekunde. Wengi wanaharibu hapo, wanaiachia yote. Mdundo wa kwanza ndiyo namba ya juu, ukipotea kabisa ndiyo ya chini.

Baba_Gungu: Na dawa asiache hata namba zikiwa nzuri. Mimi niliacha, nikalazwa.

Binti_Ujiji: Leo asubuhi 148 kwa 92, mara mbili karibu sawa. Nimeandika kwenye daftari, tunaenda nalo kliniki. Asante mama.