Kila Desemba "kabureta imekufa": mafundi wa mashine za majani Dodoma, tumechoka!

Mbukwenyi wakuu. Leo siombi ushauri, nalalamika. Nawalalamikia mafundi wa mashine za kukatia majani, zile za kukalia na kuendesha, hapa Dodoma, pamoja na maofisa wanaowasainia malipo bila kuuliza swali hata moja.

Mvua za kwanza zikishuka, majani yanachipua kwenye viwanja vya mpira, hotelini, mashuleni na kwenye bustani za maofisi kule Mtumba. Mashine zilizolala stoo tangu Mei zinatolewa nje. Zinawaka kwa shida, zinakohoa, mlio unapanda na kushuka kama kuna mtoto anachezea akseli, na ukishusha visu tu zinazima. Anaitwa fundi. Anasikiliza sekunde kumi, anatikisa kichwa: "Bosi, hii kabureta imekufa." Imefia wapi, na nani kaizika, wakati hajafungua hata kifuniko cha filta? Kabureta mpya inaagizwa Dar, inafungwa, na wiki mbili baadaye mlio ni ule ule. Sasa eti ni ringi za pistoni.

Mashine haijafa. Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, basi. Miezi saba mashine imekaa na petroli ndani ya kabureta. Petroli ikishapita mwezi mmoja inaanza kuchacha: ile nyepesi inayowaka haraka inaruka, inabaki nzito inayoganda kama gundi. Cha kwanza kuziba ni slojeti, ile jeti ndogo ya petroli ya mzunguko mdogo, kwa sababu tundu lake ni jembamba kupita yote. Kuanzia hapo injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Inalegea, gavana (kidhibiti mwendo) inaona mzunguko umeshuka inafungua akseli, meni jeti, yaani jeti kubwa, inamwaga petroli, injini inaruka juu, gavana inafunga, injini inalegea tena. Huo ndio mlio wa kupanda na kushuka. Si ringi, wala si pepo.

Na kipimo chake hakina gharama. Washa injini ipate moto dakika tano, akseli ikae juu ya nusu, kisha vuta choki taratibu mpaka nusu. Mlio ukitulia, injini inakosa petroli au inavuta hewa ya wizi, isiyopitia kwenye kabureta, mahali fulani. Ukizidi kuharibika na moshi mweusi ukatoka, petroli imezidi: choki haifunguki yote, filta ya hewa imeziba, au nido ya floti (sindano inayozuia petroli kikombe kikijaa) haifungi. Dakika moja tu, na tayari umejua upande wa kwenda. Ni mafundi wangapi mmewaona wakifanya hivyo? Mimi hesabu yangu inaishia kwenye vidole vya mkono mmoja.

Kusafisha nako kuna adabu yake. Chomoa waya wa plagi. Funga koki ya petroli, na kama haina, bana mpira kwa koleo lililozungushiwa kitambaa. Kikombe cha chini cha kabureta kinashikwa na bolti moja, na kwenye mashine nyingi za kukalia bolti hiyo ndiyo solenoidi yenyewe (vavu ya umeme inayofungua na kufunga petroli), ina waya. Toa soketi yake kwanza, usivute waya. Pokea petroli kwenye chupa ya kioo iliyo safi, iache itulie. Kama ina maji utayaona chini, yanateleza kama shanga ukiinamisha chupa. Ndani ya kikombe utakuta utando wa kahawia unaonuka vanishi, na mara nyingine unga mweupe pembeni. Huo unga ni alama ya maji yaliyokaa muda mrefu.

Slojeti inazibuliwa kwa uzi mmoja wa shaba uliouchomoa kwenye waya laini wa umeme. MMOJA. Si sindano, si spoku ya baiskeli, na si biti ya drili niliyoona mtu anaisifia humu jukwaani. Shaba ni laini, haikwaruzi. Chuma kinapanua tundu, na tundu likishapanuka hapo ndipo kabureta inakuwa imekufa kweli, na aliyeiua ni fundi. Ukimaliza iinue juani utazame: lazima uone duara safi la mwanga. Pulizia dawa ya kabureta kila tundu mpaka uione inatokea upande wa pili, na vaa miwani, dawa hiyo ikikuingia machoni utajuta. Ukitumia hewa ya kompresa, toa floti na mipira yote kwanza.

Solenoidi nayo ina kipimo chake. Ukizungusha ufunguo bila kuwasha stata, lazima isikike ikigonga "ta". Isipogonga, pima fyuzi na kama volti 12 zinafika kwenye soketi, kabla hujamtia mtu gharama.

Ukishasafisha na mlio bado unapanda na kushuka, tafuta hewa ya wizi: gasketi kati ya kabureta na manifodi (bomba la kuingiza hewa na petroli kwenye injini), au bolti zake zimelegea kwa mtetemo. Chukua chupa ya kupulizia maji, rusha kidogo kidogo kwenye maungio injini ikiwa inazunguka. Mlio ukibadilika mahali, umeshapapata. Wanaopulizia petroli pale juu ya sailensa ya moto, wacha tu ninyamaze.

Sasa vumbi, maana hapa ndipo ninapopandwa na hasira zaidi. Dodoma ni upepo na vumbi, na filta ya karatasi inaziba kabla hata ya kufikisha saa zilizoandikwa kwenye kitabu. Wao wanaiosha kwa petroli! Karatasi ikilowa petroli, au ikipigwa hewa kali ya kompresa, inapasuka vitundu usivyoviona, na vumbi linaingia ndani likichanganyika na oili kuwa msasa. Hapo ndipo ringi zinaisha kwa haki. Filta ya karatasi inagongwa polepole kwenye kiganja, na ikishakuwa nyeusi inatupwa. Sponji ya nje ndiyo inayooshwa kwa sabuni na maji, inakamuliwa, inakaushwa kabisa kabla ya kurudi.

Vumbi hilo hilo na majani makavu vinajaza mapezi ya kupozea chini ya kava ya feni. Kava haifunguliwi mwaka mzima, injini inachemka, vavu inakwama kwenye mrija inamopita, na pushirodi (fimbo inayoisukuma) inapinda. Mashine ya silinda mbili inabaki na moja, inamisi, inakosa nguvu kwenye majani marefu. Dawa ya fundi? Kabureta.

Kwa silinda mbili: washa injini ikiwa baridi, baada ya kama dakika moja dondosha maji kwenye bomba la ekzosi la kila silinda, karibu kabisa na hedi. Lisilochemsha tone ndilo la silinda iliyolala. Badilishana plagi. Tatizo likihama, plagi ndiyo mbovu. Lisipohama, chomoa ule waya mwembamba wa kuzimia unaokwenda kwenye koili. Zikifanya kazi zote mbili, koili ni nzima, ubovu uko kwenye waya au dayodi iliyo ndani yake. Kumbuka ukichomoa waya huo ufunguo hauzimi tena injini, utaizima kwa kufunga petroli. Plagi za injini hizi, Briggs & Stratton na Kawasaki nyingi, zinataka mwanya wa milimita 0.75 hivi. Kukadiria kwa jicho ni uvivu, fila geji (vibapa vya kupimia mwanya) si kitu cha anasa.

Tapeti, yaani mianya ya vavu, hakuna anayezigusa. Kwa Briggs ya silinda moja yenye vavu juu, ya kuingizia ni milimita 0.08 hadi 0.13, ya kutolea 0.13 hadi 0.18, na inapimwa pistoni ikiwa imepita kilele kwa kama milimita 6, si kileleni penyewe, kwa sababu kuna kifaa kinachoinua vavu kidogo ili stata isielemewe. Tapeti zikilegea kifaa hicho hakifanyi kazi: stata inazunguka nusu, inagoma. Fundi anauza betri. Halafu anauza stata.

Kuna na hili la kugonga kisiki au jiwe, na viwanja vyetu mnavijua. Baada ya kugonga, mashine inarudisha kinyume ukiwasha, inapiga risasi kwenye ekzosi, haina nguvu. Kii ya flaiwili (gurudumu zito la injini) imekatika au imesogea, taimingi ya cheche imehama. Ni kipande kidogo cha aluminiamu, kimetengenezwa laini makusudi kiumie chenyewe. Kuna watu wanakata msumari wanaweka badala yake. Siku ya kisiki kinachofuata, jiandaeni kwa shafti.

Na tafadhali, kisingizio cha "Dodoma iko juu, kabureta ya Dar haifai huku" kiachwe. Mji uko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Briggs wenyewe wanataka jeti za mwinuko kuanzia karibu mita 1,500. Mtu wa Njombe anaweza kusema hayo. Wewe wa Nkuhungu, hapana.

Ninachodai ni kimoja: ofisi isilipe kabureta mpaka fundi aoneshe kikombe cha ile ya zamani kikiwa wazi na slojeti mkononi. Karibuni, na wanaokuja kutetea waje na vipimo.

Mdau, Singida:
Mkuu umeua. Ongeza kofia ya tanki. Mashine inakata vizuri dakika 15 au 20, inaanza kulegea, inazima. Ukipumzika kidogo inawaka tena. Tundu la hewa kwenye kofia limeziba vumbi, petroli haishuki. Legeza kofia ukisikia inavuta hewa "fyuu", umemaliza kazi. Huku kuna mtu aliuziwa pampu mbili za petroli kwa ajili ya kofia.

Fundi, Chang'ombe:
Kaka umetutukana wote kwa mkumbo mmoja. Sisi wengine tunafungua na tunaonesha. Lakini useme na upande wa wenye mashine: petroli ya mwaka jana wanataka itumike, oili wanamimina mpaka shingoni kwa sababu wamenunua galoni. Silinda moja inataka lita 1.4, silinda mbili kama 1.9. Ukizidisha, inapanda kwenye filta kupitia mpira wa kupumulia, moshi wa bluu, plagi inalowa. Mteja anasema ni mimi nimeharibu. Wengine wanachanganya oili kwenye petroli kama brashikata. Hii ni foostroku, oili ina mahali pake, jamani!

Mwenye uzi:
@Fundi, Chang'ombe, hapo kwenye oili nakubali, na samahani kwako na wenzako wanaofungua. Nikuongezee: kwa joto letu weka SAE 30. 10W-30 injini hizi zinainywa zaidi hali ya hewa ikipita nyuzi 27. Ila na wewe kubali moja. Ukikuta oili kwenye boksi la filta na kipimo cha oili kiko sawa, usikimbilie ringi. Kwenye Briggs za silinda moja, gasketi ya hedi inapenda kuungua upande wa njia ya pushirodi. Mgandamizo unakimbilia kwenye krankikesi (tumbo la injini) na kuisukuma oili nje. Hiyo ni gasketi moja tu na saa chache za kazi. Ringi ni kufumua injini nzima.

Mdau, Area D:
Wakuu yetu haina moshi, haipandi wala kushuka. Inakata fresh, ikipita kwenye shimo au tuta inazima kama umeme umekatika, saa hiyo hiyo inawaka. Fundi kasema kabureta 😂

Mwenye uzi:
Fundi huyo ndiye ninayemtafuta kwenye uzi huu. Dada/kaka, hiyo ni swichi ya kiti. Ukirushwa kidogo, mashine inadhani dereva kashuka inajizima. Egesha mahali tambarare, visu vimezimwa, breki imefungwa, inua kiti uangalie soketi chini yake: mara nyingi pini zina kutu au panya kaguguna waya. Safisha, kaza, jaribu tena. Spring ya kiti ikiwa ngumu mno nayo inaleta hivyo kwa dereva mwembamba. Ila usikubali wakuunganishie waya moja kwa moja ili swichi isifanye kazi. Swichi hiyo ndiyo inayosimamisha visu dereva akianguka.

Mdau, Area D:
Pini moja ilikuwa ya kijani kabisa. Tumeisugua kwa msasa laini, imepita tuta mara sita haijazima. Kabureta imeshalipiwa advansi lakini.

Mwenye uzi:
Kadai.