Nondo jikoni, vifuko vinavyotembea ukutani: ni mdudu mmoja?

Binti_Igoma
Wakuu habari, niko Igoma, Mwanza, karibu na Ziwa Victoria. Jikoni jioni wanaruka nondo wadogo wa kijivu, kama sentimita moja hivi, hasa kwenye ndoo ya mchele na mfuko wa michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa). Michembe yenyewe imeshikana kwa utando. Chumbani, chini ya dari, kuna vifuko bapa rangi ya simenti, vimechongoka pande zote mbili, na vinatembea! Taa ya nje ikiwaka ukuta unajaa vijidudu vingine. Dawa ya mende nimepuliza, wanapungua kisha wanarudi. Nianzie wapi?

Mzee_wa_Ghala
Dada, hao ni wadudu watatu tofauti. Wa kwenye taa ni wadudu wa ziwani, wana jozi moja tu ya mabawa na hawagusi mchele wala nguo.

Wa jikoni ni nondo wa ghalani. Wa kijivu mtupu mara nyingi ni Ephestia cautella. Ukiona bawa limegawanyika, juu limepauka na chini rangi ya shaba, huyo ni Plodia interpunctella. Tiba ni ileile. Nondo mwenye mabawa hali chakula chako, anataga tu. Mlaji ni kiwavi, naye yumo ndani ya michembe ambako dawa ya kupuliza haifiki (na isifike, ni chakula hicho). Akishiba anatoka, anapanda ukutani na kujifungia kwenye kona ya dari, nyufa za rafu au ukingo wa mfuniko. Kwa joto letu kizazi kipya hutoka kwa takriban mwezi mmoja, kwa hiyo ukitupa chakula ukaacha hizo kona, utawaona tena.

Toa kila kikavu: mchele, unga, karanga, udaga (muhogo mkavu), hata pumba za kuku. Chenye utando funga kwenye mfuko, kitoke nyumbani siku hiyohiyo. Kinachoonekana salama gawanya mafungu ya kilo moja moja, weka friza nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki nzima. Gunia zima usiliweke, katikati huchelewa kupoa na mayai yanapona. Ukitoa, usifungue mpaka fungu lipate joto la chumba, la sivyo unyevu utaingia na unga utaota ukungu.

Huna friza? Anika michembe tabaka jembamba juu ya turubai jeusi jua la saa sita, mbali na mlango, maana viwavi wakiungua wanatambaa kutafuta kivuli. Mayai mengine yatabaki, kwa hiyo chekecha na urudie. Rafu sugua nyufa kwa brashi na maji ya moto ya sabuni. Kisha hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Mfuko mwembamba wa plastiki kiwavi anautoboa.

Capripoint_Usafi
Vifuko ni kiwavi wa nondo mwingine, amejishonea nyumba ya hariri na mchanga. Chakula chake ni nywele, sufu, utando wa buibui na wadudu waliokufa. Hapo ndipo wadudu wa ziwani wanapoingia: wanakufa dirishani, buibui wanashamiri, naye anapata karamu. Fagia kona za dari na nyuma ya kabati kila wiki, taa ya nje zima mapema. Vifuko vibandue, tumbukiza kwenye maji ya sabuni. Ukivipondea ukutani rangi inapata doa.

Khanga safi za pamba hazimvutii sana. Sweta na suti za sufu ndizo za kulinda. Naftalini hufanya kazi ndani ya sanduku lililofungwa tu, na kwenye nguo za mtoto mchanga usiweke kabisa: mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu) inaweza kumvunjia chembe hizo.

Binti_Igoma
Asanteni sana. Na mahindi ya gunia? Punje zina tundu la mviringo ila hakuna utando. Kwenye dagaa nako kuna funza wenye manyoya.

Mzee_wa_Ghala
Wa dagaa si nondo, ni mtoto wa mbawakawa (mdudu wa mabawa magumu) anayekula samaki mkavu. Anika upya, kung'uta, hifadhi kwenye chombo kinachobana.

Mahindi: kama kuna nondo wa rangi ya majani makavu wanaruka ukitikisa gunia, ni Sitotroga, kiwavi wake huishi ndani ya punje. Tundu peke yake linaweza kuwa la fukusi pia. Wote hufa kwa kukosa hewa kwenye mfuko wa PICS (mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa), funga kila tabaka kivyake. Kwanza pima ukavu: mahindi kiasi na chumvi kavu kwenye chupa, tikisa, chumvi ikinata chupani, rudisha juani. Vidonge vya kufukiza gunia usitumie ndani ya nyumba wanamolala watu, gesi yake inaua.